Binti yangu amekuwa nambari 41 kati ya 46: KPSEA inaamua nini hasa?

Mama_Kibanda, Kayole

Hamjambo wazazi wenzangu, na walimu mlio humu shikamooni. Naomba mnisaidie na jambo ambalo limeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Binti yangu yuko Gredi ya 6 katika shule ya kibinafsi hapa mtaani, na mwisho wa Oktoba atafanya KPSEA, ile tathmini ya kitaifa ya mwisho wa shule ya msingi. Tangu muhula huu wa tatu uanze, anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado liko, maana saa kumi na mbili kamili lazima awe ameketi kwenye dawati. Wanaiita prepu, na inalipiwa shilingi 600 kwa mwezi kando ya karo. Jioni anarudi saa kumi na mbili akiwa na karatasi mbili za marudio za kufanya usiku. Jumamosi pia wanaenda. Siku ambazo naenda Marikiti kuchukua mboga, babake ndiye humwamsha, na juzi aliniambia alimkuta amelala na viatu vya shule miguuni ili asichelewe.

Ijumaa moja mwalimu wa darasa akatuma kwenye kikundi cha wazazi cha WhatsApp matokeo ya mtihani wa majaribio. Jina na alama, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, wazazi wote tukisoma. Wangu nambari 41 kati ya 46. Hisabati 13 kwa 30. Jumatatu yake wale kumi wa mwisho wakasimamishwa mbele ya paredi.

Hizo 13 sikuzielewa, kwa sababu mtoto huyu ndiye msaidizi wangu kibandani siku za Jumapili. Mteja akichukua sukuma ya ishirini, nyanya za thelathini na vitunguu vya kumi na tano, akatoa noti ya mia mbili, yeye husema "mia moja thelathini na tano" kabla sijamaliza kukata sukuma. Basi Jumapili ile nilifunga mapema. Nikachukua ile karatasi ya maswali nikaanza kumsomea moja baada ya jingine, yeye ananijibu kwa mdomo, mimi naweka tiki kwa kalamu. Kuna swali la maziwa lita nne na nusu yanayojazwa kwenye chupa za nusu lita. Akasema tisa hata sijashusha karatasi. Tulipofika mwisho nikahesabu tiki, zilikuwa 24.

Nikachukua ile karatasi ya majibu, ile ya visanduku, nikailaza kando ya maswali. Mpaka la 11 kila kitu kilikuwa mahali pake. Swali la 12 lilimchanganya, akaliruka ili alirudie baadaye. Lakini jibu la 13 akalichora kwenye mstari wa 12, la 14 kwenye mstari wa 13, akaenda hivyo hivyo mpaka chini. Alipofika mwisho akaona mstari wa 30 uko wazi, akadhani ndio ule alioruka, akauwekea C. Yale ya kwanza 11 alipata 9. Katika yote yaliyofuata akapata 4, na hizo ni bahati tu. Nikamwonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari. Hakulia. Alisema tu, "Kumbe nilikuwa najua," halafu akanyamaza.

Hakuna aliyeliona jambo hilo shuleni. Waliona 13 wakampeleka paredini.

Nawaambia ukweli wangu pia. Mimi nilifanya KCPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane, mwaka wa 2003, nikapata 347 kwa 500, nikaitwa shule ya bweni ya mkoa. Barua ya mwito ilikaa kwenye sanduku la bati la mama hadi ikageuka manjano, kwa sababu karo haikupatikana. Ruzuku ya serikali kwa sekondari ilikuja 2008, mimi nikiwa tayari na mtoto wa kwanza. Kwa hiyo mtihani si kitu ninachokidharau. Mtu akiniambia mtoto aamke mapema kwa ajili ya mtihani, kuna sehemu ndani yangu inayokubali haraka sana, na hiyo ndiyo inanitisha.

Ninachotaka kujua ni hiki. KPSEA inaamua mtoto kwenda Gredi ya 7 au la? Alama zake zinaenda wapi? Na nikimtoa kwenye hiyo prepu ya alfajiri, nitakuwa nimemharibia? Alikuwa akimsomea mdogo wake hadithi kila usiku. Siku hizi yule mdogo akileta kitabu anaambiwa, "Niko na karatasi."

---

Mwalimu_wa_Chaki

Mama Kibanda, marahaba. Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 6 katika shule ya umma huku Eastlands, na kabla ya hapo nilifundisha shule za kibinafsi miaka sita. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu wazazi wengi wana swali hili na wanaogopa kuuliza.

Kwanza, kwenda Gredi ya 7 hakutegemei KPSEA. Hakuna alama ya kupita wala kuanguka. KCPE ilikuwa mlango. Ukiwa na alama hizi unaitwa huku, ukiwa na zile unaitwa kule, na anayebaki anabaki. Mlango huo ulifungwa na watahiniwa wa mwisho wa KCPE mwaka wa 2023. KPSEA ilianza Novemba 2022 kama tathmini ya mwisho wa msingi, na watoto wote wanavuka kwenda sekondari ya msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ambayo kwa wengi iko kwenye uwanja uleule wa shule waliyosoma.

Pili, alama zinaenda wapi. Karatasi anayoifanya Oktoba inabeba asilimia 40. Asilimia 60 inatokana na tathmini za shuleni, zile kazi ambazo KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya, inatuletea kupitia mtandao wake, tunawapa watoto, tunasahihisha na kupakia alama sisi wenyewe. Matokeo hayatoki na nambari. Yanatoka kwa viwango vinne: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na chini ya matarajio. Baraza halimwambii mtoto yeyote nchini kwamba yeye ni wa 41. Hiyo 41 ilitengenezwa na shule yako.

Lakini nisikudanganye kwamba haina uzito wowote. Akifika Gredi ya 9 atafanya KJSEA, tathmini ya mwisho wa sekondari ya msingi, na kwenye hesabu ile ya mwisho KPSEA inaingia kwa asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20 nyingine, na mtihani wenyewe wa Gredi ya 9 asilimia 60. Hiyo ndiyo inayotumika kumpanga sekondari ya juu. Kwa hiyo usiitupe. Ila asilimia 20 ya jambo litakalokamilika miaka mitatu ijayo si kitu cha kumfanya mtoto wa miaka 12 alale na viatu.

Kuhusu saa. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo ya shule ya kutwa ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Hiyo ya saa kumi na mbili alfajiri haiko popote kwenye kanuni. Ukienda kuongea na mwalimu mkuu, nenda na hilo mkononi, kwa upole.

Nakuomba pia uelewe yule mwalimu wa darasa. Nilipokuwa shule ya kibinafsi, mwenye shule alikuwa akiniita ofisini baada ya kila mtihani wa majaribio, anaweka mezani wastani wa darasa langu na wa shule jirani. Wazazi walikuwa wanahamisha watoto kwa tofauti ya alama nne. Mwalimu wa namna hiyo anapotuma orodha, mara nyingi anajitetea mbele ya mwajiri wake. Bado ni kosa. Aibu ya mtoto haikupaswa kuwekwa kwenye simu za watu 46.

Sasa kuhusu mstari. Hili ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu naliona kila mwaka na halizungumzwi. Ile karatasi inasomwa na mashine. Mashine haijui kwamba mtoto aliruka. Inaona kisanduku cha mstari wa 13 kimechorwa B, inalinganisha na jibu la 13, basi. Mtoto mwerevu anayeruka maswali ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu asiyejua anabahatisha tu na kuendelea bila kuacha nafasi. Mimi huwafundisha hivi: rula inalala chini ya mstari unaoujaza, na haisogei mpaka umesoma nambari ya swali na nambari ya mstari kwa sauti ya moyoni. Ukiruka swali, lizungushie duara kwenye karatasi ya maswali, na mstari wake kwenye karatasi ya majibu uuache wazi huku ukiuona. Kila baada ya maswali matano, simama, hakikisha nambari mbili zinalingana. Hii ni kazi ya dakika ishirini kwa siku kwa wiki mbili. Kwa mtoto wako ina faida kuliko miezi mitatu ya prepu.

---

Baba_wa_Githurai

Nimesoma yote. Mwalimu ameeleza vizuri, lakini mimi niko upande mwingine kidogo na nitasema bila kuficha.

Mimi ni mtoto wa Korogocho. KCPE nilifanya 1997. Tulikuwa tunasoma kwa koroboi, na prepu yetu ilikuwa ya bure kwa sababu mwalimu mmoja alikuwa anakuja mapema kwa hiari yake, tukimkuta amesimama nje ya darasa akingoja mlinzi afungue. Nikaitwa shule ya kitaifa. Parokia ikachanga karo ya mwaka wa kwanza. Leo nina kazi na nyumba yangu, na nikifuata uzi wote nyuma naukuta umefungwa kwenye ile karatasi. Mashine iliyosoma majibu yangu haikuniuliza jina la babangu wala tulikuwa tunaishi wapi.

Ndiyo maana mtu akisema mitihani imezidi, mimi huuliza, badala yake nini? Mwalimu anasema asilimia 60 ni tathmini za shuleni. Sawa. Mwaka jana kijana wangu aliambiwa alete karatasi ngumu za manila, gundi, rangi za maji na picha za kuchapishwa. Nikaenda saiba, pale wanapochapisha kwa kompyuta, nikalipa, nikarudi, picha moja ikawa haionekani vizuri, nikarudi tena. Niliweza. Mama anayefua nguo za watu Mathare hawezi, na mtoto wake akileta kazi iliyotengenezwa kwa katoni ya sabuni, mwalimu mwenye watoto 70 ataipa alama gani? Karatasi ya visanduku ni ngumu, lakini ni ngumu kwa wote sawa.

Dada, hilo la paredi nalikataa nawe kabisa. Na orodha vilevile. Serikali yenyewe ilipiga marufuku kupanga shule na watahiniwa kwa nafasi mwaka wa 2014, sasa shule ya mtaani inarudisha ya nini? Lakini usimtoe mtoto kwenye mazoezi kwa hasira. Umegundua anajua hesabu. Mtoto anayejua anahitaji kuzoea kuonyesha anachojua, na mazoezi ndiyo hayo.

---

Mwalimu_wa_Chaki

Baba wa Githurai, la manila limenigusa, kwa sababu ni kweli. Nina watoto 68. Kazi nyingine za tathmini nimezisahihisha nikijua nasahihisha mfuko wa mzazi. Siku hizi nawafanyisha darasani, kwa vitu vilivyopo, majani, udongo, vifuniko vya chupa, hakuna kinachotoka nyumbani. Inachukua muda mrefu na wakaguzi wakija darasa linaonekana chafu. Lakini angalau najua nani amefanya nini.

Hapo kwenye usawa wa visanduku ndipo tunapoachana. Ulimwona binti wa Mama Kibanda. Alikuwa na 24 kichwani, karatasi ikasema 13. Usawa huo ulimwona wapi?

---

Shangazi_Umoja

Mimi nitasema kwa ufupi. Kijana wa dadangu, ninayemlea, ni wa lile kundi la kwanza kabisa. Alifanya KPSEA 2022, mwaka wa 2025 akafanya KJSEA akiwa Gredi ya 9, na Januari 2026 akaingia Gredi ya 10. Hawa watoto kila mahali wamekuwa wa kwanza kupita. Walipofika Gredi ya 7 walimu wa sekondari ya msingi walikuwa hawajatosha, maabara hakuna, wakasoma sayansi kwa kuchorewa ubaoni.

Mama Kibanda, mwaka ule hakuna aliyetuambia alama za KPSEA zitatufuata hadi Gredi ya 9. Tulichukua ile ripoti ya matokeo tukaiona haina nambari, tukadhani haina maana. Nimeitafuta nyumba nzima nikaikosa, ikabidi nirudi shule ya zamani waitoe tena. Kwa hiyo ripoti ya binti yako ikitoka, nenda ukaichukue mwenyewe shuleni, uitie kwenye bahasha moja na cheti chake cha kuzaliwa.

Na muulize anapenda nini. Kijana wetu tuliulizwa mkondo gani, sayansi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo, na tukajikuta hatujawahi kuongea naye jambo hilo hata siku moja. Tulikuwa tunaongea alama tu. Akasema anataka kuchora majengo. Miaka mitatu niko naye nyumba moja, sikujua anachora.

---

Mama_Kibanda, Kayole

Nimechelewa kurudi, nisameheni. Nilitaka kwanza niende shuleni ndipo niwaambie jambo kamili. Asanteni nyote. Mwalimu, nilisoma jibu lako mara tatu, mara ya pili nikamsomea mume wangu.

Nilienda Alhamisi. Nilibeba karatasi zote mbili, ya maswali na ya majibu, na nikazilaza kwenye meza ya mwalimu mkuu kama nilivyozilaza nyumbani. Nikamwomba aweke kidole chake kwenye mstari wa 12 na ashuke nao. Alishuka hadi mstari wa 20 hivi akasimama. Akamwita mwalimu wa darasa. Yule mwalimu ni msichana mdogo, nadhani hajafika miaka 25. Aliangalia akashika mdomo. Akasema, "Mama, mimi nilisahihisha kwa kulinganisha na karatasi ya majibu iliyotobolewa, sikusoma." Sikuweza kumkasirikia tena. Karatasi 46 za masomo matano, peke yake, usiku mmoja.

Orodha imetolewa kwenye kikundi. Waliahidi matokeo yajayo kila mzazi atatumiwa ya mtoto wake peke yake. Paredi, mwalimu mkuu alisema "tutaangalia," na mimi nikamwambia nitakuja kuangalia naye Jumatatu. Nilienda. Hakuna aliyesimamishwa. Kuhusu prepu alishikilia kwamba wazazi wengi ndio walioiomba, na nimeuliza kwenye kikundi, ni kweli, wengi wanaitaka. Basi nikasema wangu ataingia saa moja na nusu, na zile 600 za mwezi ujao sitalipa. Hakupinga. Nadhani alijua kanuni ninayoisema.

Baba wa Githurai, maneno yako nimeyapima sana, kwa sababu najua unaongea kutoka mahali ninapopajua. Sijamtoa kwenye mazoezi. Nimeyahamisha. Jioni akitoka shule anakuja kibandani, tunakunja gunia la viazi linakuwa meza, anafanya maswali 15 tu kwa rula kama mwalimu alivyosema. Akifika la tano anaita "tano-tano!" na mimi najibu hata kama nina mteja. Siku ya kwanza aliruka maswali mawili, akazungusha duara, akarudi, kila kitu kikakaa mahali pake. Wateja sasa wanamjua, kuna mzee mmoja wa bodaboda hupita akiuliza, "Tano-tano imefika?"

Lakini ile siku ya viatu sijaisahau. Na wale tisa wengine waliosimama paredini, nani amelaza karatasi zao mbili kando kwa kando? Mmoja ni mtoto wa jirani yangu wa ploti. Jana nilimwomba mamake anipe karatasi zake. Hakuruka mstari, yeye hesabu za sehemu ndizo hazielewi kabisa, anajumlisha juu na juu, chini na chini. Nusu na robo kwake ni mbili kwa sita. Kwa hiyo sasa kwenye gunia wako wawili, na mimi namfundisha kwa kukata nyanya.

Shangazi, nilimuuliza anapenda nini. Alisema atafikiria kwanza.

Mwalimu, swali moja limebaki. Hiyo rula wataiacha aingie nayo siku ya mtihani, hata kwa karatasi ya Kiswahili na Kiingereza?

---

Mwalimu_wa_Chaki

Kwa hisabati iko kwenye vifaa vyake vya jiometri; kwa Kiswahili na Kiingereza ulizia shuleni mapema. Chukua ile ya plastiki inayopitisha mwanga, ya sentimita 15, ili aone mstari ulio chini yake. Isiwe na maandishi yoyote ya kalamu, wala jina. Na penseli ziwe mbili za HB, zichongwe kabla ya kutoka nyumbani.

Huyo wa mbili kwa sita, ukimaliza nyanya jaribu chapati. Anaona robo vizuri zaidi akijua ni yake.